Mkunga: Samaki anayeanza maisha kama jani la kioo

Na Mwandishi Wetu, Ngara

UKIMWULIZA mkazi wa Mugoma, kata iliyo jirani na mpaka wa Burundi wilayani Ngara, amtaje samaki mwenye umbo la nyoka, yaelekea jibu la kwanza litakuwa kamongo. Samaki huyu anafahamika Kanda ya Ziwa nzima. Ni mrefu, ana utelezi, huvuta hewa kwa mapafu na huweza kustahimili kiangazi akiwa amejizika katika tope. Wapo pia watakaomtaja samaki mwingine, mwembamba, mwenye safu ya miiba midogo mgongoni na pua iliyochongoka, ambaye hujificha katikati ya mawe ya mito. Huyo wa pili wataalamu humwita Mastacembelus, na mara nyingi huitwa mkunga wa miiba.

Kati ya hao wawili hakuna aliye mkunga. Kamongo ana undugu wa karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu, binadamu akiwamo, kuliko alio nao na mkunga. Yule wa miiba naye ni wa ukoo mwingine kabisa wa samaki. Umbo la nyoka peke yake halithibitishi ukoo wa samaki yeyote, na tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa samaki aliyekwisha kukua, bali utotoni.

Dume la kamongo hulinda kiota chake kinamasini, na watoto wake huonekana humo wakiwa na matamvua ya nje mfano wa manyoya. Mtoto wa mkunga halindwi na yeyote. Huzaliwa katikati ya bahari, penye maji ya kina cha maelfu ya mita, na katika miezi ya mwanzo ya uhai wake hafanani na mzazi wake hata kidogo. Anafanana na jani lililochongwa kwa kioo.

Viluwiluwi hao huitwa leptosefali, jina lililoundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kichwa chembamba. Kichwa chao ni kidogo mno kikilinganishwa na mwili, na mwili wenyewe ni mpana na bapa, umebanwa pande zote mbili kama jani la mwembe lililosimamishwa kwa ukingo. Ukimweka mmoja aliye hai katika sahani ya kioo yenye maji ya bahari na kuiweka sahani hiyo juu ya gazeti, utasoma habari kupitia mwilini mwake. Kitakachokuonyesha kwamba pana kiumbe ni vidoa viwili vyeusi, yaani macho.

Hawapatikani kwa mkunga wa mitoni pekee. Mikunga wa miambani wanaofahamika sana kwa wavuvi wa Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa nao hupitia hatua hiyo hiyo, pamoja na jamaa zao wa baharini wanaofikia mamia ya spishi. Wapo hata samaki wasio na umbo la nyoka kabisa, wale wa jenasi za Albula, Elops na Megalops, wenye magamba yang'aayo na mkia uliogawanyika, ambao watoto wao ni majani ya kioo vilevile. Kinachowatofautisha utotoni ni mkia. Wa mkunga una ncha ya mviringo au iliyochongoka, na wa hao wengine umepasuka kama uma. Utoto huu wa kioo ndio uliowawezesha wanasayansi kuwaweka samaki hao wote katika kundi moja, jambo ambalo maumbo yao ya utu uzima yasingelidokeza kamwe.

Mtoto aliyepewa jina la mgeni

Kwa zaidi ya karne moja, wataalamu wa Ulaya walidhani leptosefali ni samaki kamili wa aina yake. Mwaka 1763 Mholanzi Gronovius alimweleza kwa maandishi na kumpa jina hilo la kichwa chembamba, akitumia samaki aliyepatikana katika pwani ya Wales. Baada ya hapo majina yaliongezeka kadiri nyavu zilivyovua majani mapya. Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba samaki hao wote hawakuwa na mayai wala mbegu za kiume. Leo jibu linaonekana jepesi, kwani mtoto hawezi kuwa na mayai.

Wakati huohuo mkunga mzima naye alikuwa na fumbo lake. Tangu enzi za Aristotle, aliyeamini kwamba mikunga hutoka katika matope, hakuna aliyepata kumwona mkunga wa mtoni akiwa na mayai yaliyokomaa. Mwaka 1876 kijana mmoja wa chuo kikuu cha Vienna alipelekwa Trieste, akapasua mikunga wapatao 400 akitafuta korodani zao, na hakurudi na jibu la uhakika. Kijana huyo aliitwa Sigmund Freud. Baadaye alihamia katika uchunguzi wa nafsi ya binadamu. Lugha yetu nayo imemfanyia mzaha samaki huyu: anaitwa jina moja na mama anayezalisha, ilhali kuzaliwa kwake mwenyewe hakukuwa na shahidi.

Fumbo lilianza kufunguka mwaka 1886, Mfaransa Yves Delage alipomweka leptosefali hai katika tangi la maji ya bahari huko Roscoff na kumwona akigeuka kuwa mkunga wa baharini. Miaka kumi baadaye, 1896, Waitalia Giovanni Battista Grassi na Salvatore Calandruccio walitangaza kwamba kiumbe aliyejulikana kama Leptocephalus brevirostris, aliyekuwa akivuliwa katika mlango wa bahari wa Messina, hakuwa samaki wa pekee bali mtoto wa mkunga wa mitoni wa Ulaya.

Jina la Grassi linastahili kukumbukwa na msomaji wa Kagera kwa sababu nyingine pia. Ni yeye, pamoja na wenzake, aliyeonyesha mwaka 1898 kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu aina ya Anopheles. Macho yaliyozoea kufuatilia kiumbe kutoka umbo moja hadi jingine yalimfaa kwa mkunga na kwa mbu.

Hata hivyo Grassi alikosea jambo moja. Aliamini mikunga wa Ulaya huzaliana katika vilindi vya Bahari ya Mediterania. Aliyemsahihisha ni Mdenishi Johannes Schmidt. Mwaka 1904, akiwa katika meli ya utafiti iliyoitwa Thor, Schmidt alivua leptosefali wa sentimita 7 na nusu hivi magharibi ya visiwa vya Faroe, mbali kabisa na Mediterania. Kuanzia hapo alitumia karibu miaka 20 kufuata swali ambalo mtoto yeyote angeweza kuliuliza: wadogo zaidi wako wapi?

Njia yake ilikuwa rahisi kuielezea na ngumu kuitekeleza. Alivuta nyavu za matundu madogo mahali pengi katika Atlantiki, akapima urefu wa kila jani la kioo, akaandika vipimo hivyo juu ya ramani. Kadiri alivyokwenda magharibi, ndivyo majani yalivyozidi kuwa mafupi. Meli moja aliyoitumia ilizama mwaka 1913 huko West Indies, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikasimamisha kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa na meli ya Dana, alifika katika eneo ambalo viluwiluwi walikuwa na milimita chache tu: Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki, karibu zaidi na Marekani kuliko Ulaya. Huko ndiko mikunga wa Ulaya wote wanakoanzia, wakiwamo wale wa Italia na wale wa Mto Nile nchini Misri.

Hadi leo hakuna aliyewashuhudia mikunga wa Ulaya wakitaga Sargasso, wala aliyeokota yai lao baharini. Wajapani wamefika mbali zaidi na mkunga wao, kwani mwaka 2009 walifanikiwa kuopoa mayai yake karibu na safu ya milima iliyo chini ya bahari, magharibi ya visiwa vya Mariana.

Kioo kinatengenezwaje?

Kuna sababu ya kiumbe huyu kuwa kioo. Katika bahari ya wazi hakuna jiwe wala mwani wa kujificha nyuma yake, na usalama pekee ni kutoonekana. Leptosefali hana chembe nyekundu za damu. Mwili wake ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni hupenya moja kwa moja kwenye ngozi, hivyo damu nyekundu ingekuwa gharama bila faida, tena ingemfichua. Utumbo wake ni mrija mwembamba ulionyooka. Katikati ya mwili, mahali ambapo samaki wengine wana minofu, kuna utomvu mzito mfano wa jeli, na misuli yenyewe ni utando mwembamba juu ya jeli hiyo. Kwa kuwa jeli hiyo kwa sehemu kubwa ni maji, mwanga hupita humo bila kupinda sana.

Jeli hiyo pia ni akiba. Mtoto huyu hukua kwa kujaza utomvu badala ya kujenga nyama, na hivyo kuwa na umbo kubwa kwa gharama ndogo. Ukubwa huo humwokoa na wawindaji wadogo, wakati wakubwa hawamwoni.

Chakula chake kiliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Ana meno marefu yaliyoelekea mbele, ya kutisha kwa kiumbe wa ukubwa ule, lakini tumboni mwake hakukutwa windo la maana. Maelezo yanayokubaliwa sasa ni kwamba hula vumbi la bahari: mabaki ya viumbe vidogo, nyumba za ute zilizotelekezwa na wanyama wadogo wa majini, na chembechembe nyingine zinazozama taratibu kutoka juu. Ni makombo ya meza ya bahari. Wajapani walipotaka kuwalea maabara ilibidi wawasagie uji uliotengenezwa kwa mayai ya papa, na hatimaye mwaka 2010 wakafanikiwa kukamilisha mzunguko mzima wa maisha ya mkunga katika matangi. Gharama yake ilibaki kubwa mno.

Kisha huja mageuzi. Leptosefali anapokaribia pwani huacha kula, jeli huyeyuka na kutumika kujenga misuli na mifupa, meno yale hupotea, na jani hukunjamana kuwa kijiti cha mviringo. Jambo la ajabu ni kwamba anatoka katika mageuzi akiwa mdogo kuliko alivyoingia. Sasa anaitwa mkunga wa kioo: bado anapitisha mwanga, lakini umbo lake ni la nyoka, na damu nyekundu imeanza kuonekana katika matamvua. Akiingia katika maji baridi hupata rangi na kuanza kupanda mto.

Majani ya kioo ya Bahari ya Hindi

Habari za Sargasso zimesimuliwa mno hata kumfanya msomaji adhani mkunga ni samaki wa Wazungu. Afrika Mashariki ina spishi nne za mikunga wa jenasi ya Anguilla: mossambica, marmorata, bengalensis na bicolor. Hupanda mito inayomwaga maji yake Bahari ya Hindi, ikiwamo Ruvuma, Rufiji, Wami na Pangani kwa upande wa Tanzania, na Tana pamoja na Galana nchini Kenya. Anguilla marmorata, mwenye madoadoa, huweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 20.

Hawa nao huzaliwa baharini, na huko ndiko hurudi kufa. Mkunga aliyeishi mtoni miaka kumi au zaidi hubadilika tena. Macho hupanuka, rangi hugeuka kuwa ya fedha, tumbo la chakula husinyaa. Huteremka mto usiku wakati wa mafuriko, huogelea hadi mahali pa kuzalia, hutaga mara moja na maisha yake huishia hapo.

Mahali hapo kwa mikunga wetu panatajwa na watafiti kuwa upande wa mashariki wa Madagaska, kuelekea kwenye nyanda za chini ya bahari za Mascarene. Ushahidi umetokana na hesabu za mikondo ya bahari na vijiwe vidogo vilivyo ndani ya masikio ya samaki hawa, ambavyo huongezewa pete moja kila siku kama mti unavyoongezewa pete kila mwaka. Kwa kuhesabu pete za mkunga wa kioo aliyefika mlangoni mwa mto, mtafiti hujua siku aliyozaliwa. Mikunga wa ukanda wetu huonekana kusafiri kwa miezi michache tu, mitatu hadi mitano hivi, wakati wenzao wa Ulaya huweza kutumia mwaka mmoja na zaidi.

Gari lao ni mkondo. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huja kutoka mashariki, hupita kaskazini mwa Madagaska na kugonga pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika. Tawi moja huelekea kusini katika mlango wa bahari wa Msumbiji, na jingine hupanda kaskazini likipita Mtwara, Mafia na Zanzibar hadi Kenya. Jani la kioo lililoangukia tawi la kusini litakuwa mkunga wa Zambezi au Limpopo. Lililoangukia la kaskazini laweza kuwa mkunga wa Rufiji.

Mbona hafiki Ngara?

Maji ya Mugoma hayaelekei Bahari ya Hindi. Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, Kagera huingia Ziwa Victoria, na kutoka hapo maji husafiri kwa Mto Nile hadi Mediterania, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Kwa hiyo tone la mvua linaloanguka juu ya vilima vya Ngara linaishia katika bahari ileile ya Grassi, mahali ambapo mikunga wa Sargasso huingia Misri.

Hata hivyo mlango wa bahari uko wazi kwa maji tu. Nchini Uganda, Nile hubanwa katika mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40 katika maporomoko ya Murchison, na ngazi hiyo iliwatenga samaki wa chini na wa juu kwa muda mrefu mno. Sangara mwenyewe, ambaye leo ni jina la kila soko la Kanda ya Ziwa, alikuwa chini ya maporomoko hayo na hakuwa katika Ziwa Victoria mpaka binadamu walipomhamishia humo miaka ya 1950. Mkunga hakupata mtu wa kumbeba. Siku hizi njia hiyo ina pia mabwawa, lile la Aswan nchini Misri lililokamilika mwaka 1970 likiwa kubwa kuliko yote.

Ukuta usio na ngazi

Ngara basi haina mkunga wa kupoteza, lakini Pangani na Rufiji zinaye. Mkunga mchanga ni mpandaji hodari. Huweza kutambaa juu ya jiwe lenye unyevu na kupita kando ya maporomoko yanayowashinda samaki wengine. Ukuta wa zege wa makumi ya mita, mkavu na laini, ni jambo jingine. Naye mzee anayeteremka kwenda kuzaa hukuta njia kuu ya maji ikipitia katika mitambo ya umeme yenye mapanga yanayozunguka, na samaki mrefu ndiye anayekatika kirahisi zaidi.

Mto Pangani umefungwa kwa mitambo tangu miaka ya 1930, na kile kituo kipya cha maporomoko ya Pangani kilianza kazi mwaka 1995. Rufiji ina bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Nchi inahitaji umeme huo, na mwandishi wa makala haya huandika kwa taa yake. Lakini njia za kupandishia mikunga wachanga, mifereji midogo yenye brashi au changarawe yenye unyevu, zinatumika kwingineko duniani na gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya ukuta. Ni vigumu kuelewa kwa nini isiwe sehemu ya mjadala wa kila bwawa jipya katika mito ya mashariki.

Yaliyompata mkunga wa Ulaya yanatosha kuwa onyo. Tangu miaka ya 1980 idadi ya watoto wake wanaofika pwani imeporomoka hadi sehemu ndogo tu ya ile ya awali, na tangu 2008 amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kumsafirisha nje ya mipaka yake mwaka 2010. Marufuku hiyo ilizaa magendo, na mikunga wa kioo walio hai wamekamatwa katika viwanja vya ndege wakiwa ndani ya mabegi ya abiria kuelekea Asia. Sababu ni kwamba mashamba ya mikunga karibu yote huanza kwa watoto waliovuliwa baharini. Asia ikikosa wa Ulaya na wa kwao wakipungua, wanunuzi hutafuta spishi nyingine, nazo bengalensis na bicolor, ambao wapo kwetu, tayari wamewekwa katika kundi linalokaribia hatari.

Jani la mita moja na sentimita 84

Meli ya Dana iliyofuata, katika safari yake ya kuizunguka dunia ya 1928 hadi 1930, ilivuka Bahari ya Hindi na kukusanya viluwiluwi wengi waliochambuliwa kwa miaka mingi baadaye. Mwanzoni mwa 1930, ikiwa imekwishapita Rasi ya Tumaini Jema, nyavu zake zilitoa leptosefali wa sentimita 184. Hesabu ikafanyika: kama jani la sentimita 7 huwa mkunga wa mita moja, jani refu kuliko mtu je? Kwa miaka 40 walikuwapo watu walioamini kwamba huyo alikuwa mtoto wa joka la baharini. Mwaka 1970 Mmarekani David Smith alionyesha kwamba alikuwa mtoto wa jamii ya samaki wa vilindini wanaokua sana wakiwa viluwiluwi na ambao baada ya mageuzi hawaongezeki tena kwa kiasi hicho. Joka likafutwa.

Wavuvi wa pwani wanaotumia nyavu za matundu madogo au kuvua kwa taa huweza kukuta jani la namna hii likiwa limekwama kati ya dagaa. Anayependa kulihifadhi kwa ajili ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, au Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, alitie katika spiriti na kuandika tarehe, mahali na kina cha maji. Kwanza alipige picha likiwa hai na kulipima urefu. Wataalamu watahesabu mafungu ya misuli ubavuni, ambayo kwa mikunga wa mitoni huzidi 100, ili kujua ni la spishi gani. Lakini picha ni muhimu, kwa kuwa jani hilo likishakufa hubadilika kuwa jeupe kama karatasi, na kile kioo hakirudi tena.